Ukizuiwa Uwanjani au Kukamatwa Ughaibuni: Mwongozo Kamili kwa Msafiri na Mkaazi Kutoka Afrika Mashariki

Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea, alihamia nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1964 na akaishi huko kwa zaidi ya miaka 30. Mwishoni mwa mwaka 1995, wakati kampuni zake zikidai fedha nyingi kutoka kwa serikali na kampuni nyingine, alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa zaidi ya miezi miwili. Aliachiwa, akakamatwa tena, na tarehe 31 Januari 1996 akapandishwa ndege. Hati iliyoandikwa uwanjani ilieleza kwamba amezuiwa kuingia nchini kwa sababu ya ukaazi usio halali. Mkaazi wa miongo mitatu aliandikiwa hati ya mtu anayebisha hodi, na kwa sheria ya nchi hiyo hati ya namna hiyo haikatiwi rufaa. Guinea ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague mwaka 1998. Hukumu ya tarehe 30 Novemba 2010 ilisema kwamba Kongo ilivunja sheria ya kimataifa, ikiwamo kwa kutomfahamisha Diallo haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wake, na mwaka 2012 mahakama ikaamuru fidia ya dola 95,000 za Marekani.

Ninaanza na kesi hiyo kwa sababu inaonyesha mambo mawili ambayo msafiri wa kawaida huyajua akiwa ameshachelewa. La kwanza, namna unavyotendewa na vyombo vya dola hutegemea sana hali uliyowekwa kisheria: aliye kwenye dirisha la uhamiaji ana haki chache mno, mwenye kibali cha kuishi ana zaidi, na anayetuhumiwa kosa la jinai mara nyingi ana haki nyingi kuliko wote wawili, kwa kuwa yeye anastahili wakili na mkalimani. La pili, kilichoandikwa siku hiyo ndicho kitakachosomwa na kila ofisa atakayekutana nawe baadaye. Hatua zote zinazofuata zinahusu kujua uko katika hali ipi na kuhakikisha karatasi inasema ukweli wa hali hiyo.

Hatua ya kwanza: Nyaraka zikubaliane kabla ya safari

Kwetu mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na kila ofisi huyaandika itakavyo. Cheti cha kuzaliwa kina mawili, kitambulisho cha taifa kina matatu, benki imefupisha la katikati, na cheti cha ndoa kimeongeza la mume. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Mashine ya mpakani, hata hivyo, husoma mistari ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti, na kwa mashine hiyo jina la ukoo ni lile lililo katika mistari hiyo, hata likiwa la babu ambalo hujawahi kuitwa. Kwa hiyo tiketi, bima, viza, mkataba wa kazi na barua ya chuo vyote vifuate pasipoti herufi kwa herufi, na pale ambapo cheti cha zamani kinatofautiana, andaa mapema hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ofisa wa mbali hatakubali maelezo ya mdomo kuhusu desturi zetu za majina, na hana wajibu wa kuyakubali.

Hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi sita ya uhai na kurasa tupu. Toa nakala za pasipoti, viza, mkataba na bima. Seti moja ikae katika begi tofauti na lile lenye nyaraka halisi, nyingine aachiwe ndugu anayepokea simu, na picha zake zihifadhiwe kwenye barua pepe. Nambari za simu za ubalozi wako na za ndugu huyo ziandikwe kwenye karatasi ya kawaida, kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa mtu anapozuiwa. Fahamu pia ubalozi upi unakuhudumia, kwani si kila nchi ina ubalozi wetu. Mtanzania aliye Norway au Finland, kwa mfano, anahudumiwa na ubalozi ulioko Stockholm.

Kuhusu mizigo, sheria ya nyumbani haikusindikizi. Miraa ni zao halali la Meru, lakini Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014, na anayeshuka nayo anahesabiwa kuwa amebeba dawa ya kulevya. Vidonge vya maumivu vyenye tramadol au kodeini vinahitaji kibali cha awali ukienda Umoja wa Falme za Kiarabu, hata kama uliandikiwa na daktari. Vibaki katika pakiti yake pamoja na cheti cha daktari. Mzigo wa kuombewa, wa mtu yeyote yule, usibebe. Padri John Wotherspoon, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa wa Hong Kong, alisambaza barua za Watanzania waliofungwa huko kwa kubeba dawa za kulevya, wakiwaonya vijana wa nyumbani wasikubali kufanywa punda, na sioni onyo la serikali linaloweza kuzishinda barua hizo kwa uzito.

Hatua ya pili: Viza, na kusoma sababu za kunyimwa

Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na mpaka mmoja wa nje, inaombwa mapema kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa sheria inaruhusu hadi siku 45. Anachotafuta ofisa katika bahasha yako ni jambo moja tu, kwamba utarudi. Kwa hiyo barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, usajili wa biashara pamoja na malipo ya kodi, na taarifa ya benki inayoonyesha mwenendo wa kawaida wa miezi kadhaa vina uzito kuliko fungu kubwa lililoingia kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi. Fedha za kuazima kwa ajili ya kuonyesha hutambulika haraka, na hugeuza ombi dhaifu kuwa ombi la kutiliwa shaka.

Ukinyimwa viza ya Schengen, unapaswa kupewa fomu maalumu yenye sababu zilizowekewa alama pamoja na maelezo ya wapi na ndani ya muda gani ukate rufaa. Isome neno kwa neno kabla ya kulipa ada ya pili. Sababu ya kwamba lengo la safari halikuthibitishwa hutibiwa kwa nyaraka. Sababu ya kwamba nyaraka ulizoleta ni za uongo haitibiwi kwa kuomba upya, bali kwa rufaa au kwa kunyamaza. Taarifa za maombi, pamoja na alama za vidole, huhifadhiwa katika mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen, hivyo kuhama kutoka ubalozi wa nchi moja kwenda wa nyingine hakufichi lolote.

Marekani ni habari nyingine. Ada ya msingi ya viza ya matembezi ni dola 185 na hairudishwi, mahojiano huchukua dakika chache, na sheria inamchukulia kila mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko hadi athibitishe vinginevyo. Kunyimwa kwa msingi huo hakuna rufaa. Unaruhusiwa kuomba tena hali yako ikibadilika. Linaloharibu maisha ni uongo. Aliyedanganya katika jambo la msingi, au aliyewasilisha cheti cha kughushi alichotengenezewa na wakala wa "viza ya uhakika", anaweza kuzuiwa Marekani kwa maisha yake yote, na wakala hatakuwapo kumtetea.

Hatua ya tatu: Kaunta ya shirika la ndege

Mlinzi wa kwanza wa mpaka wa Ulaya hukutana nawe Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe, akiwa amevaa sare ya shirika la ndege. Shirika linalombeba abiria asiye na nyaraka linatozwa faini ya maelfu ya euro na kulazimika kumrudisha, kwa hiyo mfanyakazi wa kaunta huona ni heri kukuacha wewe kuliko kujihatarisha yeye. Usigombane naye, mwonyeshe kanuni iliyoandikwa, ikiwezekana barua ya ubalozi, na umwombe amwite msimamizi. Akikataa, omba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na saa, maana bila hiyo dai la nauli ni gumu.

Angalia hasa viwanja unavyopitia. Raia wa Kongo, Somalia na Ethiopia wanahitaji viza ya kupita hata wasipotoka katika eneo la abiria la uwanja wa nchi za Schengen, wakati Wakenya na Watanzania hawamo katika orodha hiyo ya pamoja. Uingereza kwa upande wake inawataka pia Wakenya, Watanzania na Waganda wawe na viza ya kupita, isipokuwa wenye misamaha kama vile viza halali ya Marekani. Tiketi ya bei nafuu inayopitia London imewagharimu wengi safari nzima.

Hatua ya nne: Dirisha la uhamiaji na chumba cha pili

Viza inakufikisha mlangoni, haikuhakikishii kuingia. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo unaotumia picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na hesabu ya siku 90 ndani ya kila siku 180 sasa inafanywa na kompyuta. Aliyezoea kutegemea muhuri uliofifia hana tena pa kujificha.

Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, na kulingana na viza uliyopewa. Ukiwa na viza ya mkutano, usianze kwa habari za shangazi utakayemtembelea. Weka mkononi barua ya mwaliko, mahali pa kulala, tiketi ya kurudi na ushahidi wa fedha. Zipo pia tabia zetu njema zinazosomwa vibaya. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu kwetu, lakini kule hudhaniwa ni kuficha jambo. Na kumwambia ofisa "tuelewane" huku mkono ukigusa pochi ni kosa la jinai linaloweza kukutoa kwenye hali ya msafiri na kukutia kwenye hali ya mshitakiwa.

Ukiambiwa ukae pembeni au ufuate ofisa kwenye chumba kingine, hujakamatwa bado. Huo ni ukaguzi wa hatua ya pili, na kanuni zake hutofautiana kwa nchi. Katika Schengen una haki ya kuelezwa kwa maandishi lengo na utaratibu wa ukaguzi huo, na unaweza kuomba ufanyike mahali pa faragha. Katika Marekani mgeni anayeomba kuingia hana haki ya wakili katika mahojiano hayo, ila pale yanapogeuka kuwa uchunguzi wa jinai. Simu na kompyuta vinaweza kupekuliwa, na asiye raia anayekataa kuifungua simu anaweza kurudishwa alikotoka. Uingereza ina sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 inayowaruhusu polisi kumhoji yeyote mpakani, hata bila kumshuku, kwa muda usiozidi saa 6, na kukataa kujibu ni kosa. Mahojiano yakizidi saa moja, lazima wakuweke kizuizini rasmi, na hapo unapata haki ya kumwona wakili na ya kumjulisha mtu mmoja. Uliza basi swali hili kwa upole mapema: "Nimekamatwa, au ninahojiwa tu? Kwa sheria ipi?" Jibu lake liandike pamoja na saa.

Jambo la lugha linastahili uangalifu mkubwa kuliko linavyopewa. Kiingereza cha kununulia tiketi hakitoshi kutoa maelezo chini ya kiapo. Omba mkalimani wa Kiswahili, na useme ni Kiswahili cha wapi, kwa kuwa mkalimani wa Unguja anaweza asimwelewe vizuri mzaliwa wa Bukavu, na aliyezoea lugha ya mjini Nairobi anaweza kumpoteza mzee wa Lamu. Hesabu yetu ya saa imewaponza watu wengi: ukisema ulitoka nyumbani saa mbili asubuhi, na mkalimani akaandika 02:00, ambayo kwetu ni saa nane za usiku, maelezo yako yatapingana na tiketi yako, na mpingano huo utaitwa uongo. Taja saa kwa mtindo wa saa 24. Vivyo hivyo taja ukoo kwa ukamilifu, mtoto wa baba mdogo aitwe hivyo, wala asiitwe ndugu katika fomu moja na binamu katika nyingine.

Hatua ya tano: Unapokataliwa kuingia

Hapa ndipo watu huchoka, hulia, na kutia saini chochote ili mambo yaishe. Kula kwanza kama kuna chakula, omba maji, kisha soma. Mpaka wa Schengen ukikukatalia, unapaswa kupewa fomu yenye sababu pamoja na orodha ya mahali unapoweza kupata wakili wa kukusaidia. Rufaa ipo, lakini haizuii kurudishwa, kwa hiyo itaendeshwa ukiwa nyumbani. Ni vema hata hivyo kuikata pale fomu inaposema jambo lisilo kweli.

Marekani kuna njia mbili zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa miaka. Ya kwanza ni kuondoa mwenyewe ombi la kuingia, linaloandikwa katika fomu I-275: unarudi, viza kwa kawaida inafutwa, lakini hakuna marufuku ya miaka inayotokana na kitendo hicho chenyewe. Ya pili ni amri ya kuondolewa kwa haraka, fomu I-860, ambayo hubeba marufuku ya miaka 5. Kuruhusiwa kuondoa ombi ni hiari ya ofisa, si haki yako, lakini asiyeomba hapewi. Omba kwa maneno yaliyo wazi na uhakikishe ni fomu ipi unayotia saini. Maelezo yako huandikwa kwa maswali na majibu na kila ukurasa hutiwa alama ya jina, kwa hiyo kosa likiwamo, lisahihishwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kama unakimbia hatari ya kweli nyumbani, lisemwe hilo waziwazi na mapema, wala lisisubiri kuulizwa. Hofu ya kurudishwa hubadilisha hali yako kisheria na hufungua utaratibu mwingine wa mahojiano. Anayeomba hifadhi ana sababu nzuri pia ya kutaka ubalozi wake usijulishwe.

Hatua ya sita: Kuishi chini ya kibali

Kwa mkaazi, adui mkubwa ni tarehe. Ujerumani inamtaka anayehamia aandikishe anwani yake ndani ya wiki 2, na aombe kuongezewa kibali kabla hakijaisha. Akiomba kwa wakati, kibali cha zamani huendelea kuwa halali hadi uamuzi utolewe, na ofisi humpa cheti cha muda cha kuthibitisha hivyo. Akichelewa siku moja, ulinzi huo si wa uhakika tena. Kwa kuwa miadi ya ofisi za wageni katika miji mikubwa hucheleweshwa kwa miezi, ombi litumwe kwa maandishi, na ushahidi wa kulituma utunzwe kama pasipoti. Uchina inamtaka mgeni anayelala nje ya hoteli ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa hadi yuani 2,000, na anayezidisha muda wa viza hutozwa yuani 500 kwa siku hadi 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Wafanyabiashara wetu wa Guangzhou wanaijua kanuni hiyo, lakini waliona pia kwamba karatasi safi haitoshi kila siku: Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa katika nyumba na hoteli wakiwa na viza halali, hadi mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya pamoja ya malalamiko.

Dhidi ya ubaguzi wa namna hiyo, kulalamika kwa maandishi huzaa matunda, ingawa polepole. Mpanju Bamenga, Mholanzi mwenye asili ya Kongo, alitolewa kwenye msururu wa abiria katika uwanja wa Eindhoven mwaka 2018 aliporudi kutoka Rome. Aliuliza sababu, akalalamika rasmi, kisha akaenda mahakamani pamoja na mashirika ya haki za binadamu, na tarehe 14 Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ya The Hague ikaamua kwamba kikosi cha mpakani hakiruhusiwi kutumia rangi au asili ya mtu kuchagua wa kukagua. Yeye alikuwa raia na diwani. Mgeni asiye na hayo abaki mtulivu, aonyeshe kitambulisho, aandike nambari ya ofisa na saa, na malalamiko yaanze siku inayofuata.

Nchi za Ghuba zinahitaji aya zake, kwa sababu huko uhusiano wa mfanyakazi na dola hupitia kwa kafili, yaani mwajiri aliye mdhamini wake. Mageuzi yapo: Qatar iliondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na ikawajumuisha wa majumbani mwaka 2020, Oman iliondoa mwanzoni mwa mwaka 2021 sharti la barua ya ridhaa ya mwajiri wa zamani, na Saudia ilirahisisha kuhama mwajiri mwezi Machi 2021, ila wafanyakazi wa majumbani wakaachwa nje ya mageuzi hayo. Ndiyo maana dada anayekwenda kufanya kazi za ndani Riyadh hapaswi kutegemea habari njema alizozisikia kwa fundi wa Doha.

Afuate wakala aliyesajiliwa, kwa Kenya na Mamlaka ya Taifa ya Ajira na kwa Tanzania Bara na mamlaka ya serikali inayohusika na ajira, na mkataba ausome kwa lugha anayoielewa kabla ya kupanda ndege. Pasipoti si mali ya mwajiri. Qatar, kwa mfano, ina faini ya hadi riyali 25,000 kwa anayeizuia. Picha ya iqama (kibali cha ukaazi), ya mkataba na ya kila malipo zitumwe nyumbani mara zinapopatikana. Hatari kubwa ya Saudia ni huroob, taarifa ya mwajiri kwamba mfanyakazi ametoroka, ambayo inaweza kumfanya aliye halali kuwa haramu na kumfikisha tarhil, kituo cha kusubiri kurudishwa. Kwa hiyo anayedai mshahara afungue malalamiko ya kazi, au ajiandikishe ubalozini, kabla ya kuondoka kwenye nyumba ya mwajiri, ili rekodi yake itangulie. Anayepigwa au kunajisiwa hapaswi kungoja rekodi yoyote. Aondoke, aende ubalozini au polisi, aombe cheti cha hospitali.

Hatua ya saba: Ukikamatwa

Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963 inawataka wanaokukamata wakueleze bila kuchelewa kwamba unaweza kuomba ubalozi wako ujulishwe, na ukiomba, waujulishe. Sema maneno haya na uyarudie kwa kila ofisa mpya: "Mimi ni raia wa Tanzania. Ninaomba ubalozi wangu ujulishwe sasa." Marekani ina orodha ya nchi ambazo ubalozi wake lazima ujulishwe hata mfungwa asipoomba, kutokana na mikataba ya pande mbili, Tanzania imo katika orodha hiyo, Kenya haimo, kwa hiyo Mkenya asiyeomba anaweza kukaa ndani bila ubalozi wake kujua. Mwenye uraia pacha akumbuke kwamba katika nchi ambayo yeye ni raia wake pia, ubalozi wa nchi yake nyingine unaweza kukataliwa kabisa.

Usitarajie ubalozi ukutoe. Ofisa wa kikonseli hawezi kulipa dhamana wala kuamuru polisi. Anaweza kukutembelea, kukupa majina ya mawakili, kuwajulisha ndugu, kuangalia kama unatendewa sawa na wengine, na kukupa hati ya dharura ya kusafiria. Ndugu nyumbani wasisubiri simu yake: waandike barua pepe kwa ubalozi na kwa Wizara ya Mambo ya Nje, wakitaja jina kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari ya pasipoti, kituo cha polisi na tarehe. Simu ya kulia haifunguliwi jalada; barua hufunguliwa.

Mbali na kujitambulisha, katika nchi nyingi unaweza kunyamaza hadi wakili afike, na ni heri kunyamaza kuliko kueleza nusu. Usitie saini maelezo usiyoweza kuyasoma. Ukilazimishwa, andika kwa Kiswahili juu ya saini yako: "Sielewi lugha ya maandishi haya." Katika Umoja wa Ulaya mshitakiwa ana haki ya mkalimani na ya tafsiri ya nyaraka muhimu bila malipo, na haki hiyo iombwe siku ya kwanza, kwa sababu maelezo yaliyokwisha kutiwa saini hung'ang'aniwa hadi mwisho wa kesi.

Hatua ya nane: Kusafisha rekodi

Ukirudi, fungua faili. Weka humo kila fomu uliyopewa, na kama hukupewa, andika maelezo yako mwenyewe wiki hiyo hiyo, yenye tarehe, saa na majina ya ofisi. Katika Ulaya unaweza kuomba kuona taarifa zako zilizo katika mifumo ya mipaka na kutaka makosa yasahihishwe. Marekani ina utaratibu wa kuomba nakala ya jalada lako, na mwingine, uitwao DHS TRIP, kwa wanaosimamishwa kila safari, mara nyingi kwa sababu ya kufanana jina na mtu anayetafutwa. Wenye majina ya Kiislamu yaliyo ya kawaida katika pwani yetu wanaufahamu usumbufu huo, na nambari wanayopewa baada ya maombi hayo huwekwa kwenye tiketi za baadaye.

Kisha kuna swali litakalokuja katika takriban kila fomu ya viza utakayojaza: je, umewahi kunyimwa viza, kuzuiwa kuingia au kufukuzwa katika nchi yoyote? Lijibu kulingana na hati, wala si kulingana na unavyolikumbuka tukio. Aliyeondoa ombi lake mwenyewe aseme hivyo na aambatishe fomu; aliyenyimwa viza miaka iliyopita aseme ndiyo, ataje mwezi na sababu iliyowekewa alama, na aeleze kwa sentensi moja au mbili kilichobadilika tangu hapo.